Undani wa kiongozi si mali ya dini peke yake

Wiki iliyopita, kwa mara nyingine tena, mshiriki mmoja wa semina ya wakuu wa shule alisimama nilipomaliza mada ya tafakuri, akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu, tunakushukuru, lakini kiongozi asiyesali ni debe tupu. Kukaa kimya bila Mungu ni mambo ya Wazungu." Wenzake wakapiga makofi. Kauli hiyo nimeshaisikia kwa wenyeviti wa SACCOS, kwa maofisa utumishi na kwa wauguzi viongozi wa wodi, na safari hii naijibu kwa maandishi, kwa sababu dakika tano za maswali hazitoshi.

Sehemu ya tatizo ni lugha. Ukitaja "maisha ya kidunia" mbele ya Waswahili, msikilizaji anaona ulevi na anasa. Ukisema "kilimwengu", anawakumbuka walimwengu, wale wasioisha kumsema mtu. Neno lenyewe linahukumu kabla halijaelezwa. Ninachokizungumzia mimi ni uwezo wa kiongozi wa kukaa faragha na nafsi yake, kuiuliza maswali na kuyastahimili majibu yake, bila kuegemea mafundisho ya dini yoyote na bila kuyapinga. Kazi hiyo Kiswahili kinaijua vizuri: tunasema mtu amesutwa na nafsi yake, amejirudi, amejihesabu, amepiga moyo konde, na maneno hayo Mwislamu, Mkristo na asiye na dini huyatumia kwa maana ileile.

Kuhusu Uzungu nitasema machache. Tarehe 1 Februari 1975, Nelson Mandela, akiwa kifungoni Robben Island, alimwandikia mkewe Winnie, ambaye naye alikuwa gerezani Kroonstad, kwamba seli ni mahali pafaapo mtu kujifunza kujijua. Alitenganisha vipimo vya nje, kama cheo, mali na elimu, na vya ndani, kama ukweli, unyenyekevu na utayari wa kuwatumikia wengine. Akamshauri atenge kama dakika 15 kila siku kabla ya kulala, akamtahadharisha kwamba mwanzoni ni vigumu mtu kuzibaini kasoro zake, na kwamba huenda jaribio la 10 ndilo litakalozaa matunda. Mandela alibatizwa katika kanisa la Wamethodisti, na sisemi kwamba hakuwa na imani. Nasema zoezi lile, kama alivyolieleza, halimfungii mlango mtu yeyote.

Kinachoniudhi zaidi ni dhana kwamba ukimya wenyewe ndio tafakuri. Kiongozi anaweza kujifungia ofisini saa nzima, simu ameizima, huku akirudia moyoni maneno aliyoambiwa na naibu wake kikaoni na kupanga namna ya kumkomoa. Huko ni kulea kinyongo, na akitoka humo ni hatari kuliko alivyoingia. Vilevile nimewaona viongozi wanaosali kila siku ambao hawajawahi kujiuliza kwa nini wasaidizi wao wanawaogopa, na nimewaona wengine ambao sala ndiyo inayowasuta hasa. Tofauti iko katika swali ambalo mtu anathubutu kujiuliza.

Mkuu mmoja wa shule ya sekondari ninayemnasihi huandika kila jioni katika kaunta buku, kabla ya kufunga ofisi, majibu ya maswali matatu: leo nimemwamulia nani jambo gani, nilipokuwa naamua nilikuwa naogopa nini, na gharama ya uamuzi huo anaibeba nani. Alinionyesha ukurasa mmoja kwa hiari yake. Alikuwa ameandika kwamba amemnyima mwalimu ruhusa ya siku mbili kwa sababu vipindi havina mtu wa kuvishika. Mstari wa chini yake, kwa kalamu iliyokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka, aliandika: "Si kweli. Alinipinga mbele ya walimu wenzake." Asubuhi alimwita, akampa ruhusa, na sababu akaisema. Nguvu ninayoizungumzia ni hiyo ya kuandika "si kweli" pasipo mtu wa kukulazimisha.

Hata hivyo, sitaki kuuza zoezi hili kama dawa. Marcus Aurelius, aliyetawala dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiandikia mawaidha ya kujirudi hata akiwa vitani karibu na mto Danube, na ni vigumu kumpata mtawala aliyejichunguza kwa bidii kuliko yeye. Lakini mwaka 177 alimfanya mwanawe Commodus kuwa mtawala mwenza, na utawala wa kijana huyo baada ya kifo cha baba yake ulikuwa balaa. Kujichunguza hakukumsaidia mahali alipopenda mno. Sina jibu la kuridhisha juu ya hilo, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kiongozi awe pia na mtu mmoja anayeweza kumwambia hapana.

Shaka yangu nyingine ni nzito zaidi. Mwaka juzi kiongozi mmoja ninayemnasihi, mtu asiye na dini, alifiwa na mtoto. Daftari lake lilikaa wiki sita halikufunguliwa. Waliombeba ni majirani waliopika, waliolala mkekani na waliomwimbia kila jioni nyimbo za kanisa lao, nami nilikaa pembeni yake sina la kusema. Jumuiya ya namna hiyo daftari haliwezi kuileta nyumbani, na sisi tunaofundisha tafakuri isiyo ya kidini bado hatujajenga kitu kinachokaribiana nayo. Aliporudi kazini, sentensi ya kwanza aliyoiandika ilikuwa kwamba amemfokea mhudumu wa ofisi aliyemletea chai, bila kosa lolote. Sidhani kwamba kuiandika kulimpunguzia uchungu. Mhudumu aliombwa radhi siku ileile.