Meloni na nyama ya chumvi ya Italia: maswali na majibu

Joto likianza Italia, hii prosciutto e melone iko kila meza: kipande cha meloni, lile tikiti la ndani rangi ya chungwa, kimeviringishiwa nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, imekatwa nyembamba mpaka ukiinyanyua mwanga unapita. Mlioko huko mnaniuliza sana, haya twende.

Tamu na chumvi pamoja, tumbo si litachafuka?
Hapana. Tena matabibu wa zamani wa Ulaya waliona meloni ni ya "baridi" mno, wakashauri iliwe na kitu kikavu cha chumvi. Imani ilikufa, chakula kikabaki.

Nina presha, nile?
Meloni kula, ni maji karibu asilimia 90 (wa figo tu ndo muulize daktari kwanza, ina potasiamu). Kesi iko kwenye nyama. Paja linapakwa chumvi ya bahari linaning'inizwa mwaka na zaidi, maji yanatoka chumvi inabaki, gramu 100 zinabeba chumvi kama gramu 4 mpaka 5, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka mtu mzima asifikishe 5 kwa siku nzima. Sasa mgahawani unaletewa vipande vitano sita, ukimaliza zaidi ya nusu ya chumvi yako imeshaenda na mkate hujagusa. Wewe chukua kimoja au viwili, meloni jaza sahani.

Nina mimba nimekatazwa, si imekauka lakini?
Imekauka ila haijapikwa mama, inaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma au listeria, na hivyo vinamfikia mtoto tumboni. Isubiri mpaka ujifungue, au ile iliyoiva kabisa kwenye moto. Na meloni usiiamini kirahisi, ganda lina mistari kama wavu, uchafu unajificha humo, kisu kikipita kinausukuma ndani. Mwaka 2011 Marekani meloni zenye listeria ziliua watu 33! Lisugue kwa brashi chini ya bomba KABLA ya kukata, ukishakata weka kwenye friji, lisishinde mezani na joto lile.

Na kansa?
Ukiila kila siku, ndiyo. Nyama za kusindikwa WHO waliziweka mwaka 2015 kwenye vitu vinavyoleta kansa ya utumbo mpana, gramu 50 kila siku hatari inapanda kwa asilimia 18. Sahani ya mara mojamoja isikunyime usingizi.

Sisi tusiokula kitimoto?
Kuna bresaola, ya ng'ombe, asili yake Valtellina huko kaskazini, Muislamu ulizia ya halali. Chumvi nayo imo, na haijapikwa vilevile, kwa hiyo wa presha na mjamzito yale ya juu yanawahusu.