Bakteria kwenye damu: majibu ya haraka yanasaidia nini hasa?

Dhana: Tusubiri majibu ya maabara ndipo tuanze antibayotiki.
Hapana. Mgonjwa ambaye presha imeshuka kwa sababu ya maambukizi anatakiwa apate dozi ya kwanza ndani ya saa moja. Kinachotangulia ni kuchukua damu ya kuotesha, yaani ya kuwekwa kwenye chupa maalumu ili bakteria wakue, kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kila chupa. Ukitia mililita 2 tu, bakteria waliomo wanaweza kukuponyoka, maana mara nyingi ni wachache mno.

Dhana: Mashine ya kipimo cha haraka, inayotaja jina la bakteria, inasoma damu papo hapo.
Nyingi haziwezi. Chupa hukaa kwanza kwenye joto hadi bakteria wazaliane, mara nyingi saa 12 hadi 48. Kipimo cha haraka huanzia hapo.

Dhana: Ukijua jina la bakteria, umejua dawa.
Bakteria aitwaye Klebsiella, mmoja hufa kwa antibayotiki ya seftriaksoni, mwingine haimgusi. Kipimo cha usugu bado kinahitajika. Utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa kati ya waliokuwa na bakteria wa Gram hasi (kundi ambalo Klebsiella yumo) kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, kwa malaria ilikuwa 20.2. Kutibiwa kwa dawa ambayo bakteria ameizoea kulikwenda pamoja na vifo hivyo.

Dhana: Majibu yakiwahi, matibabu hubadilika yenyewe.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mayo Clinic, Marekani, walichapisha mwaka 2015 jaribio la wagonjwa 617. Kipimo cha jeni kilitaja bakteria kwa saa 1.3 hivi, badala ya 22.3. Lakini kuwapunguzia wagonjwa dawa zisizohitajika kulichukua saa 38, na kwa njia ya kawaida 34! Ilishuka hadi 21 pale tu wataalamu wa antibayotiki walipopokea majibu na kumshauri daktari wa wodi. Vifo havikutofautiana. Hospitali inayonunua mashine bila kupanga nani atapiga simu usiku imenunua nusu ya huduma.

Dhana: Dawa ikibadilishwa, ya kwanza ilikuwa kosa.
Ndugu wengi huingiwa na hofu wakiona antibayotiki ya vankomaisini imetolewa na kuwekwa nyingine, kloksasilini, wakidhani mgonjwa ameshushiwa matibabu. Kwa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus asiye sugu, kloksasilini humuua vizuri zaidi.