Je, wajua kwa nini Wakiso ina watu karibu mara mbili ya Kampala?

Ukiuliza ni wilaya gani ya Uganda yenye watu wengi kuliko zote, wengi watakujibu kwamba ni Kampala. Jibu hilo lilikuwa sahihi hadi sensa ya mwaka 2002, ambapo Kampala ilihesabiwa watu wapatao milioni 1.19 na Wakiso watu 908,000 hivi. Sensa ya 2014 ilikuta mambo yamegeuka, Wakiso ikiwa na karibu milioni 2 na Kampala milioni 1.5. Sensa ya Mei 2024 ikaongeza pengo hilo: Wakiso ilifikia takriban milioni 3.4 ilhali mji mkuu ulikuwa na milioni 1.8 hivi. Kwa kuwa nchi nzima ilihesabiwa watu milioni 45.9, mmoja kati ya kila wakazi 13 au 14 wa Uganda sasa analala Wakiso.

Imekuwaje basi wilaya iliyomegwa kutoka Mpigi mwishoni mwa mwaka 2000, na ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa migomba, mibuni na vinamasi vya mafunjo, ikaupita mji mkuu? Na kuna swali la pili ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo huulizwa mara chache: watu wote hao wanaishi kwa kazi gani?

Tuanze na uzazi, kwa kuwa ndio unaotajwa kwanza kila mara mazungumzo yanapofika kwenye wingi wa watu. Kati ya mwaka 1991 na 2024 Uganda ilitoka watu milioni 16.7 hadi milioni 45.9, yaani haikufika mara tatu. Eneo ambalo leo ni Wakiso lilikuwa na watu 563,000 hivi mwaka 1991, na kama lingekua kwa kasi ileile ya nchi, leo lingekuwa na watu kama milioni moja na nusu. Hao wengine, karibu milioni 1.9, ni watu waliohamia pamoja na watoto waliozaliwa baada ya wazazi wao kuhamia. Tena uzazi wenyewe umekuwa ukipungua, kutoka wastani wa watoto 6.9 kwa kila mwanamke katika utafiti wa afya wa 2000 na 2001 hadi 5.2 katika ule wa 2022. Kampala nayo, katika miaka hiyohiyo 33, ilitoka watu 774,000 hadi milioni 1.8, ambayo ni kasi ndogo kuliko ya nchi. Mji mkuu unaokua polepole kuliko nchi yake si jambo la kawaida katika Afrika Mashariki, na anayetaka kuielewa Wakiso hana budi kuanzia hapo.

Mpaka wa Kampala tunaoujua leo kwa kiasi kikubwa ni ule wa mwaka 1968, mji ulipopanuliwa ukameza Mengo, Kawempe na maeneo mengine ya jirani. Tangu hapo umebaki na kilomita za mraba 189 hivi, huku Wakiso, yenye kilomita za mraba 1,900 kwa makadirio, ikiuzunguka karibu pande zote isipokuwa pale ziwa linapoanza. Mji haukuacha kukua. Uliendelea kukua nje ya mpaka. Mkazi wa Kireka, Kyaliwajjala, Zana au Nansana huamkia kazi ya mjini na hununua mahitaji yake mjini, lakini katika daftari la sensa ni mtu wa Wakiso. Hata hivyo haifai kudhani kwamba wilaya nzima imekwisha kuwa mji. Ukigawa watu kwa eneo, Kampala bado imesongamana mara tano hivi kuliko Wakiso, na ukienda Bussi, Kasanje, Namayumba au Masuliita utakuta vijiji ambavyo watu wake bado wanaishi kwa jembe na nyavu.

Lakini mpaka peke yake hauhamishi watu, kwa sababu lazima kuwe na ardhi inayoweza kupatikana, na hapo ndipo inapoingia historia ya Buganda, ufalme ambao Wakiso imo ndani yake. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na watawala wa Buganda uliwagawia Kabaka, yaani mfalme, jamaa zake na machifu ardhi kwa maili za mraba, na kutoka hapo ukazaliwa umiliki wa mailo ambao ni wa kudumu, hurithiwa na huweza kuuzwa. Vizazi vitatu au vinne baadaye, ardhi ya babu mmoja imegawanywa kwa wajukuu kadhaa, na mjukuu ambaye hakulima wala hana nia ya kulima huona thamani ya sehemu yake inapanda kila mji unaposogea. Kwa upande mwingine wapo wenye vibanja, yaani watu wanaoishi na kulima juu ya ardhi ya mwenye hati na ambao kwa desturi humlipa busuulu, yaani kodi ya ardhi. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 ziliwatambua na kuwalinda, na marekebisho ya 2010 yakaongeza ulinzi dhidi ya kufukuzwa. Kwa hiyo katika kipande kimoja cha ardhi wapo watu wawili wenye haki, na kila mmoja wao anaweza kuuza alichonacho, ingawa sheria inamtaka kila mmoja ampe mwenzake nafasi ya kwanza ya kununua.

Hivyo ndivyo shamba linavyogeuka kijiji, na kijiji kikageuka mtaa. Kipimo kilichozoeleka ni futi 50 kwa 100, ambacho wapimaji hukiita desimali 12 (desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari) ingawa hasa ni kumi na moja na nusu. Ekari moja hutoa viwanja vinane kwa hesabu ya karatasi na saba ukiacha njia, na wauzaji wengi huiacha njia nyembamba kadiri inavyowezekana. Mnunuzi ni mwalimu, askari, muuguzi, mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini Kampala, au mtoto wa Arua, Mbarara au Mbale aliyeko kazini ng'ambo anayetuma fedha kidogo kidogo. Kwa kuwa riba za mikopo ya benki kwa miaka mingi zimekuwa zikizunguka asilimia 20 kwa mwaka, hajengi kwa mkopo wa nyumba. Hujenga kwa akiba ya sako (ushirika wa kuweka na kukopa) na chama, msingi mwaka huu, kuta miaka miwili ijayo, mabati baadaye, kisha huhamia kabla milango ya ndani haijawekwa ili aepuke kodi ya pango. Nyumba za namna hii zimewaingiza watu Wakiso kwa maelfu bila mradi wowote mkubwa wa serikali, na nadhani ni haki kuwatambua waliozijenga kama wajenzi halisi wa mji, kwa sababu hakuna aliyewasaidia.

Yapo mambo mawili ya zamani yaliyochangia, nayo husahaulika. Sehemu za kaskazini za Wakiso ya leo ziliguswa na vita vya Pembetatu ya Luweero, kati ya serikali na waasi wa Museveni, vya mwaka 1981 hadi 1986, na amani iliporejea watu walirudi, wengine wakaja kwa mara ya kwanza; katika miji kama Kakiri, yenye kambi ya jeshi, Kiswahili husikika madukani kando ya Kiganda. Kisha mwaka 1993 ukatambuliwa nchini ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, ambao uliangamiza mibuni mingi ya robusta katika eneo la kati. Mkulima aliyeona mibuni ya baba yake inakauka, na papo hapo anaulizwa na dalali atauza robo ekari kwa bei gani, hakuwa na sababu nyingi za kukataa.

Barabara zilifanya mengine. Barabara ya mzunguko wa kaskazini, ya kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa mwaka 2009 na kuvifanya viwanja vya Kira, Namugongo na Nansana vitafutwe zaidi, na barabara ya kasi ya Kampala na Entebbe ilifuata mwaka 2018. Baina ya miaka hiyo, Kira, Nansana na Makindye-Ssabagabo zilipandishwa hadhi kuwa manispaa, zikawa manispaa sawa na Entebbe, ambayo ilikuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni.

Sasa tufike kwenye kazi, kwa kuwa hapa ndipo ukuaji wa Wakiso unapotofautiana na habari za miji iliyojengwa na viwanda. Mahali pengi duniani kiwanda kilitangulia na nyumba zikafuata. Wakiso nyumba zilitangulia. Vipo viwanda, bila shaka: Kajjansi kuna kiwanda cha vigae na matofali ya udongo kilichoanzishwa mwaka 1950, Namanve, katika ardhi iliyokuwa hifadhi ya msitu, kuna eneo la viwanda la ekari zaidi ya 2,000 linalogawanywa kati ya Wakiso na Mukono, na kando ya ziwa kuelekea Entebbe kuna mashamba ya maua yaliyoanza miaka ya 1990, yaliyowekwa hapo kwa sababu ya maji na ukaribu wa uwanja wa ndege, ambayo wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Lakini ajira hizo zote haziwezi kubeba watu milioni 3.4, ambao karibu nusu yao bado ni watoto.

Kazi iliyoajiri wengi ni ujenzi wenyewe na biashara ndogo zinazoufuata. Kijiji kinapoanza kukatwa viwanja huja wapimaji na madalali, kisha wachimba msingi, wafyatua matofali, waashi na vibarua wa kubeba zege, mafundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na mama wa kuwapikia posho, yaani ugali, na maharagwe. Boda boda huanzisha steji mahali barabara ya vumbi inapokutana na lami. Watu wakishahamia hufunguliwa duka, saluni, kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu, zahanati ya mtu binafsi, na shule za chekechea ambazo huwa mwajiri mkubwa wa walimu vijana wenye mishahara midogo. Ubaya wa mpangilio huu ni kwamba kazi za ujenzi hazikai. Kijiji kikijaa nyumba, mwashi hana budi kufuata viwanja vipya kilomita kadhaa mbele, na mdogo wake aliyemaliza shule hukuta nafasi iliyobaki ni kuuza rejareja kwa majirani wenye kipato kama chake, kununua pikipiki kwa mkopo, au kupanda teksi (basi dogo la abiria) alfajiri kwenda kutafuta mjini.

Waliopoteza zaidi, kwa maoni yangu, ni wale waliokuwapo kabla. Mwenye kibanja aliyeuza ekari yake ya mwisho hupata fedha nyingi mara moja na kukosa chakula kila siku; akishanunua pikipiki na kulipa karo ya mihula michache, hubaki kibarua katika ua wa aliyemuuzia. Waliofaulu ni wale waliobakiza sehemu ndogo wakaibadilishia kazi: kuku wa mayai na wa nyama, nguruwe, ng'ombe wa kufugwa bandani, mboga za majani na uyoga, ambavyo havihitaji shamba kubwa na soko lake liko mlangoni. Inanisikitisha kwamba vituo vya utafiti wa kilimo vya Kawanda na Namulonge, vinavyoheshimika katika eneo hili lote la Afrika kwa migomba na mihogo, vimo ndani ya wilaya hii hii inayopoteza mashamba yake kwa kasi. Ujuzi wa kuzalisha chakula kingi katika eneo dogo uko karibu kabisa na wakulima hao, na mkopo wa shilingi milioni moja kwa kaya chini ya mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (kitengo cha utawala chini ya wilaya) ulioanza mwaka 2022 ungeweza kuutumia ujuzi huo kama wataalamu wa ugani wangewafikia wakopaji kabla fedha hazijatumika.

Huduma za umma zimebaki nyuma, na sababu yake kubwa ni ya kodi. Kodi ya kichwa iliyokuwa ikilipwa kwa serikali za mitaa ilisimamishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata nyumba anamoishi mwenyewe zikaondolewa kwenye kodi ya majengo, yaani wilaya inayokua kwa nyumba za kuishi haikusanyi karibu chochote kutokana na nyumba hizo. Mkazi hufanya kazi na kununua vitu Kampala, kisha huleta Wakiso watoto wa kusomesha, njia za kuchonga na taka za kuzoa. Hata taka za Kampala zenyewe zilikuwa zikimwagwa Kiteezi, ndani ya Wakiso, tangu mwaka 1996, hadi tarehe 10 Agosti 2024 lundo lile lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30 waliokuwa majumbani mwao au kazini wakiokota plastiki. Na kwa kuwa viwanja vikavu vimepanda bei, wenye kipato kidogo wamejenga katika vinamasi kama Lubigi, ambako katikati ya mwaka huohuo mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba nyingi.

Mwendo huu haukuishia kwenye mpaka wa Wakiso. Bei za Kira na Gayaza zilipopanda, madalali walivuka Namanve kuingia Mukono, ambako watu walitoka karibu 597,000 mwaka 2014 hadi zaidi ya 900,000 mwaka 2024, na wengine wameelekea Luweero na Mpigi. Huko bado kuna nafasi ya kupima njia pana, kutenga ardhi ya soko, shule na karakana, na kuvichora vinamasi kwenye ramani kabla dalali hajafika, kazi ambayo halmashauri za wilaya hizo zinaweza kuifanya mwaka huu kwa gharama ndogo kuliko itakavyokuwa baada ya watu kujenga.