Breki za dramu kwenye gari lililolala miaka: si kila pedali iliyozama ina hewa

Pande za Njoro, Molo na Subukia hutakosa Land Rover Series au Volkswagen Beetle iliyoachwa kando ya ghala, nyasi zimefika usawa wa mlango. Siku mwenyewe akiamua kulifufua, huita makanika kutoka Nakuru mjini na kumwambia: "Breki haishiki, toa hewa." Kumbe hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya mafuta ya breki hutolewa mwisho, baada ya mambo mengine kukaguliwa.

"Pedali ikizama, ni hewa."

Huenda, lakini kwenye breki za dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) kuna sababu nyingine inayosahaulika: viatu vya breki, yaani vipande vinavyosukumwa kuishika dramu kwa ndani, vimekaa mbali nayo. Mafuta yote ya breki unayosukuma huishia kuziba pengo hilo, na pedali inafika chini kabla havijashika. Utatofautisha hivi. Pedali ikizama mara ya kwanza, kisha ukaikanyaga tena upesi ikapanda na kuwa ngumu, rekebisha viatu kwanza. Ikipanda lakini bado inabonyea na kurudi, hapo sasa kuna hewa. Ikishika halafu izame polepole chini ya mguu wako, kuna mvujo, au raba za masta silinda (silinda kuu, ambayo pedali husukumia mafuta) zinapitisha.

Kwa kurekebisha viatu, Beetle ina magurudumu mawili madogo ya meno katika kila dramu. Unayafikia kwa bisibisi kupitia tundu. Land Rover ina kichwa cha bolti nyuma ya bamba la breki. Inua gurudumu, kaza hadi ligome kuzunguka, kanyaga pedali kidogo ili viatu vijipange, kaza tena kama kuna nafasi, kisha legeza taratibu hadi lizunguke kwa mkono huku ukisikia mkwaruzo mdogo tu. Mara nyingi pedali hurudi juu bila nipu (skrubu ya kutolea hewa) hata moja kufunguliwa.

"Kanyaga tu, itakubali."

Hii ndiyo inayoua masta silinda. Gari likitumika, pistoni husafiri sehemu fupi ya silinda. Kwingine hukusanya kutu na uchafu. Ukikanyaga mpaka sakafuni, raba inapitishwa juu ya kutu hiyo na kuchanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali. Kabla ya yote, toa dramu na uchungulie silinda za magurudumu, zile ndogo zinazosukuma viatu: inua ukingo wa kifuniko cha raba kwa bisibisi ndogo. Ukiona majimaji ya kahawia yakichuruzika, silinda hiyo haiponi kwa kutolewa hewa. Viatu vilivyolowa mafuta ya breki navyo ni vya kubadilishwa, hata kama fundi ameahidi kuviosha kwa petroli na kuvipiga msasa.

"Mafuta ni mafuta."

Mafuta ya injini huvimbisha raba za breki. Yakishaingia, badilisha kila raba na usafishe mabomba yote. Kati ya madaraja ya mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 huchanganyika, ila DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. Na yale yaliyokaa garini miaka yamefyonza maji: kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, na 140 yakishanyonya maji. Teremka mteremko mrefu wa Sachangwan kuelekea Salgaa na mafuta ya namna hiyo, breki zikipata moto yatachemka, na pedali itakanyaga mvuke.

"Gurudumu lililoshika dawa yake nyundo."

Dramu ni chuma cha kumimina, hupasuka. Achia breki ya mkono, legeza viatu, weka mafuta ya kulegeza kutu, gongagonga kuzunguka, subiri. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa; viatu vya zamani vilikuwa na asbesto. Lilowanishe, ulifute.

Kama gurudumu lazunguka vizuri ila linashika baada ya kukanyaga, fungua nipu yake. Likiachia hapo hapo, shuku hosi, bomba la raba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu: kwa nje inang'aa, ndani imevimba na kuzuia mafuta kurudi.

"Anza nyuma kulia."

Hiyo kanuni ya gurudumu la kuanza kutoa hewa imetoka kwenye vitabu vya magari ya usukani wa kushoto. Kanuni ya kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo kwa kawaida ni nyuma kushoto. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate. Nipu iliyoganda ipashe joto na utumie spana ya ringi; spana ya mdomo itakula pembe zake. Ongeza mafuta kabla chupa ya masta silinda haijakauka, la sivyo unarudi mwanzo.

"Dramu ni takataka, weka diski."

Mwaka 1963 Peugeot 404, dramu magurudumu yote manne, ilishinda Safari Rally; magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Kweli dramu huchoka mapema kwenye mteremko mrefu, na ndiyo maana Sachangwan unashuka na gia ndogo. Ila breki nyingi za dramu zinazolaaniwa hazijawahi kurekebishwa viatu tangu gari liegeshwe.