Dishi Lililo Juu ya Paa Si la King'amuzi Chochote: Dhana Potofu za Wapangaji wa Muda Mfupi

Mteja aliyepanga nyumba yenye samani Masaki au Mikocheni, jijini Dar es Salaam, kwa miezi miwili hunipigia simu akiwa tayari ameshanunua king'amuzi kipya, na hoja yake huwa ileile: dishi lipo juu ya paa, kwa hiyo kilichobaki ni kuchomeka waya. Hakuna dhana inayowapotezea wapangaji wa muda mfupi fedha kama hii, na inaniudhi zaidi ninapoisikia kwa madalali, ambao wangepaswa kujua.

Ukweli ni kwamba dishi hupokea mawimbi ya setilaiti lililoelekezewa tu. Azam TV hurusha matangazo kupitia setilaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, ilhali DStv kwa Afrika Mashariki hutumia iliyo nyuzi 36 mashariki. Kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39, dishi la DStv hutazama karibu juu kabisa, na la Azam huinamia magharibi; tofauti hiyo unaiona kwa macho ukiwa umesimama uani. Ukichomeka king'amuzi cha kampuni moja kwenye dishi la nyingine, runinga itaandika kwamba hakuna mawimbi, na utakirudisha dukani kifaa ambacho hakina kosa lolote. Kuligeuza dishi ni kazi ya fundi kupanda, kulegeza nati na kulisogeza kidogo kidogo huku akisoma kiwango cha mawimbi, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa, hasa katika jengo la ghorofa ambako dishi moja huweza kulisha nyumba kadhaa, hivyo kuligeuza ni kuwakatia majirani matangazo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba, kabla hujanunua chochote, umwombe mwenye nyumba namba ya kadi ya king'amuzi kilichopo. Malipo ya kifurushi hufuata namba hiyo, si jina la anayelipa, kwa hiyo mpangaji anaweza kukilipia kwa simu akiwa bado hajafika. Kama nyumba haina king'amuzi, chukua cha antena: hupokea mawimbi ya mnara wa ardhini, hakihitaji dishi wala kutoboa ukuta, na siku ya kuhama utakitia begini.

Wapo pia wanaozima king'amuzi wanaposafiri kwenda Zanzibar wakiamini kwamba wanahifadhi siku za kifurushi. Siku huhesabiwa tangu ulipolipia, kiwe kimewashwa au kimezimwa.

Kwa upande wa intaneti, wengi huagiza faiba, yaani intaneti ya waya unaoingizwa ndani, kwa makazi ya wiki sita, kana kwamba laini hiyo itahama pamoja nao. Faiba hufungwa kwenye jengo, na kama laini ipo tayari, ni rahisi zaidi mwenye nyumba aifufue akaunti yake nawe umrejeshee gharama. Isipokuwepo, ruta ya laini ya simu inatosha, ilimradi uiweke karibu na dirisha. Nyuma ya runinga, ambako karibu kila mtu huificha, haipati mawimbi ya kutosha.

Kuhusu kifurushi kinachoitwa kisicho na kikomo, soma masharti yake, kwa sababu vingi hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani cha matumizi. Netflix katika ubora wa HD huweza kutumia hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo saa mbili kila usiku huweza kufikia GB 180 kwa mwezi. Vilevile, kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 1.25 tu, na anayelalamika kwamba amepunjwa mara nyingi amechanganya vipimo hivyo viwili.

Mwisho, msitumie laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la dereva au mlinzi. Mgeni husajili kwa pasipoti na raia kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, wote kwa alama za vidole, na laini ikifungwa au ikipotea, aliyesajiliwa ndiye pekee anayeweza kuirejesha.