Je, wajua kwa nini fedha za mazingira hupanda kwa kishindo na kushuka kimyakimya?

Ukitazama mchoro wa matumizi ya serikali katika hifadhi ya mazingira, mara nyingi utakuta mstari usiotulia. Mwaka huu umeruka, miaka mitatu inayofuata umelala, kisha unaanza kuteremka pasipo waziri yeyote kusimama bungeni kuutangazia umma kwamba umeteremka. Wengi wetu huusoma mstari huo kama kipimo cha kujali: anayetumia zaidi ndiye anayejali zaidi. Lakini sehemu kubwa ya kupanda na kushuka huko husababishwa na mabomba, mitambo ya majitaka na malori ya taka.

Sababu iko ndani ya hesabu yenyewe. Kuna mfumo wa Umoja wa Mataifa unaotumiwa na nchi nyingi, ambao hugawa kazi zote za serikali katika mafungu 10: ulinzi, afya, elimu na mengine. Fungu la 5 ndilo la hifadhi ya mazingira. Humo mna usimamizi wa taka, majitaka, kupunguza uchafuzi, ulinzi wa bioanuwai (yaani wingi wa aina za viumbe hai) na mandhari, utafiti, na mengineyo. Kufagia barabara na masoko kumo, maana kunahesabiwa kama ukusanyaji wa taka. Bomba linaloingiza maji safi nyumbani halimo, limewekwa pamoja na makazi. Bomba linalotoa maji machafu katika nyumba hiyohiyo limo. Misitu ya kibiashara imekaa na kilimo chini ya masuala ya uchumi, na reli ya umeme imekaa huko pia, hata kama ilijengwa makusudi ili kupunguza moshi wa magari. Nishati nayo imo huko. Ndiyo maana serikali inaweza kumwaga fedha kwenye umeme wa jua kwa miaka kumi na fungu la 5 lisitikisike hata kidogo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya zikijumlishwa, serikali kuu na za mitaa kwa pamoja hutumia takribani asilimia 0.8 ya pato la taifa katika fungu hili, na kiwango hicho hakijasogea sana kwa miaka mingi. Karibu nusu yake huenda kwenye taka. Bioanuwai hubaki na kipande chembamba. Sisemi kwamba kuzoa taka ni kazi ndogo, kwani mji usiozoa taka huugua. Ila mtu anayeona jumla kubwa na kudhani imekwenda kwenye misitu na maeneo oevu anajidanganya, na wanasiasa wanaweza kumwacha ajidanganye hivyohivyo.

Sasa, kwa nini mstari huruka? Aghalabu ni kwa sababu kuna kitu kimeungua, kimenuka au kimeua watu, na sheria ikatungwa. Marekani inatupa mfano mzuri. Mwaka 1969 mafuta na takataka zilizokuwa zikielea juu ya Mto Cuyahoga, katika jimbo la Ohio, zilishika moto. Halikuwa tukio la kwanza mtoni hapo, lakini safari hii nchi ilikuwa imechoka. Desemba 1970 likaanza kazi shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, na mwaka 1972 Bunge likapitisha sheria ya maji safi iliyoahidi dola bilioni 18 kwa miaka mitatu ili kujenga mitambo ya kusafisha majitaka. Serikali kuu ingebeba asilimia 75 ya gharama za ujenzi.

Kilichofuata kinafaa kusomwa taratibu na kila anayefuatilia bajeti. Rais Richard Nixon aliikataa sheria hiyo kwa kura ya turufu. Bunge likaipitisha tena juu ya kura yake. Ndipo Nixon akaagiza fedha zizuiwe: mwaka wa kwanza sheria ilitaja dola bilioni 5, akaruhusu zisizidi bilioni 2, mwaka wa pili ilitaja bilioni 6, akaruhusu zisizidi bilioni 3. Jiji la New York likaenda mahakamani, na Februari 1975 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba fedha zote zilizotajwa na sheria zilipaswa kugawiwa. Hiyo ni miaka zaidi ya miwili ya mvutano wakati majitaka yanaendelea kumwagika mitoni. Fedha zilizotengwa ni jambo moja, zilizotolewa ni jingine, na zilizotumika ni la tatu. Ukilinganisha bajeti ya mwaka mmoja na matumizi halisi ya mwaka mwingine, utaona mwelekeo ambao haupo.

Kushuka nako kuna hadithi zake, na si zote mbaya. Mitambo ikishajengwa, fedha za ujenzi hukoma na mto unabaki msafi kuliko zamani. Wakati mwingine mzigo huhamishwa tu: kuanzia mwaka 1987 Marekani iliacha hatua kwa hatua kutoa ruzuku hizo na kuanzisha mifuko ya mikopo nafuu inayozunguka, ambapo miji hukopa, hurejesha, na fedha hukopeshwa wengine. Gharama ikawa ya mtumiaji kupitia ankara yake ya maji. Vivyo hivyo sheria ikimlazimisha mwenye kiwanda kufunga kichujio kwa fedha zake, hazina ya taifa haitoi kitu na hewa inakuwa safi. Mstari wa serikali unalala, hifadhi inasonga mbele.

Kuna kushuka kunakouma, hata hivyo. Mwaka 1980 Marekani hiyohiyo ilianzisha mfuko wa kusafisha maeneo yaliyotupwa taka za sumu, ukilishwa na kodi maalumu kwa kampuni za mafuta na kemikali. Kodi hiyo iliisha muda mwishoni mwa 1995 na Bunge halikuihuisha. Mfuko ukaendelea kula akiba yake hadi ikakauka miaka ya mwanzo ya 2000, na tangu hapo walipakodi wote wakabeba mzigo ambao awali ulikuwa wa sekta zilizohusishwa na uchafu huo. Kodi ya kemikali ilirudishwa kwa sheria ya mwaka 2021, na ya mafuta kwa sheria ya 2022. Robo karne hivi ilipita katikati, na hakuna aliyelazimika kupiga kura ya kupunguza chochote. Ilitosha kunyamaza.

Mfumuko wa bei hufanya kazi hiyohiyo. Fungu likibaki na tarakimu ileile kwa miaka mitano huku bei zikipanda, limepunguzwa, ingawa kitabu cha bajeti hakionyeshi punguzo lolote. Wanaoumia kwanza ni wale wa matumizi ya kawaida: mkaguzi asiye na mafuta ya gari la kwenda kiwandani, maabara iliyoishiwa kemikali za kupimia sampuli, kituo cha kupima hewa kilichoharibika kikaachwa. Mradi mpya una jiwe la msingi na utepe wa kukata. Kituo cha vipimo hakina. Na kikikosekana, kasi ya uchafuzi haionekani, hivyo hata hoja ya kuomba fedha zaidi mwaka ujao inakosa takwimu za kusimamia. Kwa maoni yangu huu ndio upunguzaji wa hatari kuliko wote. Ukipata kitabu cha bajeti, usiishie kwenye jumla ya fungu. Tafuta kasma, yaani kifungu cha matumizi, ya ukaguzi na vipimo, iondolee mfumuko wa bei, kisha uilinganishe na matumizi halisi ya miaka iliyotangulia.