Wahafidhina wa Kikristo Marekani si wapinzani wa Mwislamu katika kila jambo

Wengi hudhani kwamba Mkristo mhafidhina wa Marekani humpinga Mwislamu katika kila suala la siasa. Kesi za mahakamani zinaonyesha vingine. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, majaji wote 9 wakikubaliana, ilimruhusu mfungwa Mwislamu wa Arkansas kufuga ndevu za nusu inchi. Mawakili wake walitoka Becket, taasisi ya kisheria inayotetea uhuru wa dini, ileile iliyoitetea Hobby Lobby mwaka 2014, kampuni ya familia ya Kikristo iliyokataa kugharimia baadhi ya njia za kuzuia mimba katika bima ya wafanyakazi wake.

Kwa wahafidhina wa aina hii, dhamiri ni ya mtu binafsi mbele ya Mungu, si mali ya umma. Wanachokiogopa zaidi ni dola inayojifanya mzazi wa wote: ikiweza kumnyoa Mwislamu leo, kesho itamwandama mchungaji. Juni 2016, katika mkutano wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la Kiprotestanti Marekani, mjini St. Louis, mjumbe alihoji kwa nini watetee ujenzi wa msikiti huko New Jersey. Russell Moore, aliyeongoza wakati huo tume ya dhehebu hilo ya maadili na uhuru wa dini, alimjibu, kwa ukali kidogo, kwamba hilo si swali gumu hata kidogo.

Hofu ipo pia, tusidanganyane. Mwaka 2010 wapigakura wa Oklahoma walipitisha katazo la kutumia sharia, yaani sheria ya Kiislamu, mahakamani, likatenguliwa baadaye. Lakini Juni 2025 wazazi Waislamu na Wakristo wa Maryland walishinda pamoja haki ya kuwaondoa watoto wao darasani vinaposomwa vitabu kuhusu mapenzi ya jinsia moja.